Mcheza kwao hutunzwa: mama, watoto na ngoma za Bulabo



Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa Juni, swali moja hurudi kila mwaka katika jumuiya zetu hapa Buswelu na mitaa yote inayopakana nasi: je, mama Mkristo awachukue watoto wake awapeleke Bujora kutazama ngoma za Bulabo, au awazuie nyumbani?

Mama mmoja wa mtaani kwetu anasema mumewe alilelewa katika dhehebu linalohesabu ngoma kuwa dhambi, na neno Bulabo likitajwa wakati wa chakula cha jioni, basi chakula chenyewe hakishuki. Mwingine anasema bibi yake alikuwa akimbeba mgongoni kwenda kutazama, na hadi leo nyimbo za wakati ule hajazisahau, lakini kuwapeleka wanawe mwenyewe anaogopa. Kuna nyoka, anasema. Kuna nyimbo za matusi, kuna pombe, kuna vijana wasiojua mama yao ni nani wala wa mwenzao ni nani. Wote wawili wana sababu, wala sioni vema kumcheka hata mmoja wao. Mwezi huu tulizungumze jambo hili kwa utaratibu, kila mmoja apate la kwenda kusema nyumbani kwake.

Bulabo ni nini hasa

Wengi wetu tunalitaja neno hili bila kujua limetoka wapi. Kwa Kisukuma, bulabo ni maua. Sherehe hii mizizi yake iko kanisani, katika Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo Papa Urbano wa Nne aliiamuru kwa Kanisa lote mwaka 1264. Siku hiyo Wakatoliki hufanya maandamano ya Ekaristi, na waumini hutandaza maua njiani mahali ambapo Ekaristi itapita. Wasukuma walipoyaona maua yale, wakaipa sikukuu jina lake: Bulabo.

Tarehe ya sikukuu hii hufuata Pasaka, kwa hiyo huangukia mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni. Kwa mkulima wa Usukuma huo ni wakati mwema. Mvua zimekatika, mazao mengi yamekwisha kuingia ghalani, na mikono iliyoshika jembe tangu mvua za kwanza imepata nafasi ya kushika fimbo ya ngoma. Tangu zamani za mababu kiangazi ndicho kilichokuwa msimu wa ngoma. Sikukuu ya Kanisa ikakutana na msimu wa ngoma, na pale parokia ya Bujora, karibu na Kisesa kwenye barabara iendayo Musoma, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza mjini, mambo hayo mawili yakafungwa pamoja. Watu huanza na ibada na maandamano, kisha hufuata mashindano ya ngoma.

Sisi wa Buswelu hatuna safari kubwa. Ukishuka hadi barabara ya Musoma na kupita Igoma, Kisesa iko mbele yako. Yupo anayetumia nauli kubwa kuliko hiyo kwenda mjini kununua kitambaa.

Bagalu na Bagika

Mashindano ya Bulabo ni ya pande mbili, na pande hizo ni za kale kuliko kanisa la Bujora. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwako wachezaji wawili mashuhuri, ambao pia walikuwa waganga: Ngika na Gumha. Kila mmoja alijigamba kuwa ngoma yake ndiyo yenye nguvu. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu. Tangu hapo vikundi vingi vya ngoma Usukuma vimejihesabu katika upande mmoja au mwingine.

Usifikiri kwamba vikundi hivi vilikuwa vya mchezo tu. Vijana wa kikundi kimoja walilima pamoja shamba la huyu leo na la yule kesho, wakiimba. Ndiyo asili ya bugobogobo, ngoma ya majembe. Mchezaji hulirusha jembe juu, hulizungusha na kulidaka, na ngoma kubwa zinampa mwendo uleule uliompa baba yake shambani. Ipo wigashe, inayochezwa watu wameketi, mabega na mikono ikifanya kazi ambayo kwingine hufanywa na miguu. Ipo bununguli, ya wawindaji wa nungunungu. Wapo na Bayeye, chama cha watega nyoka, ambao hucheza na chatu mabegani kana kwamba wamevaa shali.

Nyimbo zake hutungwa na manju, ambaye Wasukuma humwita ningi. Yeye ndiye gazeti la kijiji. Huimba habari za mvua, bei ya pamba, kiongozi mvivu na mke mwenye ulimi mrefu. Nyimbo hizi zimewashughulisha hata wasomi wa mbali. Frank Gunderson wa Marekani alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa kinachohusu nyimbo za kazi za Wasukuma peke yake. Mambo ambayo watoto wetu hupitiwa nayo dirishani bila kugeuka, mgeni aliyavukia bahari ili ayaandike.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana sitaki mtu aende nyumbani akaambiwa kwamba nimeficha. Katika ushindani huo wa zamani kila kikundi kilikuwa na dawa yake, iitwayo samba, ya kuvuta watazamaji na kumlegeza mpinzani. Nyimbo za kuwatukana wapinzani zilikuwa sehemu ya mchezo. Kwa hiyo mume wa yule mama hakuota ndoto. Wahubiri waliokataza ngoma waliyaona mambo haya kwa macho yao, wakaamua kuukata mti mzima.

Padre aliyechagua njia nyingine

Katika miaka ya 1950 alikuwako Bujora padre mmoja wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Jina lake David Clement, mtu wa Kanada. Wamisionari wa shirika lake walikuwa wamefika upande huu wa kusini mwa ziwa tangu mwaka 1883, walipofungua misheni ya Bukumbi, na kwa muda mrefu swali la ngoma lilikuwa mfupa kooni.

Padre Clement hakuukata mti wote. Alikaa na wazee wa Kisukuma, akauliza nini maana ya hiki na asili ya kile, akakusanya vifaa, nyimbo na masimulizi. Pamoja na wazee hao zikatafutwa tuni za Kisukuma zinazofaa kubeba sala za Kanisa. Likajengwa kanisa la duara, kwa mfano wa nyumba ya Msukuma, na kando yake ikakua Makumbusho ya Wasukuma, ambayo hadi leo yako pale juu kwenye mawe. Humo utaona jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na jengo la vyama vya ngoma ambamo Bagalu na Bagika wamepewa nafasi zao chini ya paa moja.

Angalieni alichofanya. Ngoma iliyokuwa ikichezwa mbali na macho ya Kanisa aliileta uwanjani, mchana, siku ya sikukuu, mbele ya wazee, akina mama na watoto. Alijua kwamba jambo linalofanyika mbele ya mama mzazi hutafuta adabu lenyewe. Miaka michache baadaye, mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia, ikaagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe na kupewa nafasi yake katika ibada. Bujora walikuwa wamekwisha kuanza.

Maandiko yasemaje

Anayepinga ngoma atakukumbusha binti wa Herodia, aliyecheza mbele ya wageni wa Herode hata kichwa cha Yohane Mbatizaji kikaletwa katika sinia. Habari hizo ziko katika Mathayo 14. Atakukumbusha na Waisraeli waliocheza kuzunguka ndama wa dhahabu, Kutoka 32. Ni kweli, yameandikwa.

Lakini kitabu hichohicho cha Kutoka, sura ya 15, kinamwonyesha Miriamu akishika tari na wanawake wote wakimfuata kwa kucheza baada ya kuvuka bahari. Na katika Samweli wa Pili, sura ya 6, mfalme Daudi anacheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Bwana, na mkewe Mikali anayemtazama dirishani kwa dharau ndiye anayekemewa. Zaburi ya 150 nayo inaitaja ngoma pamoja na zeze na filimbi katika vyombo vya kumsifu Mungu.

Basi tutazame tofauti. Binti wa Herodia alicheza usiku wa karamu, mbele ya wanaume walioshiba na kulewa, na mama yake alikuwapo kwa shauri baya. Miriamu alicheza mchana, pamoja na wanawake wa taifa zima, kwa shukrani. Miguu ilikuwa miguu. Kilichotofautiana ni nani alikuwapo, kwa nia gani, na mama alifanya nini. Hapo, akina mama, ndipo sisi tunapoingia.

Mfano kutoka mbali

Huko Ulaya na Marekani wanayo dansi ya jukwaani iitwayo baleti. Ipo moja ya Noeli, The Nutcracker, juu ya msichana anayepewa zawadi ya mwanasesere wa mbao wa kuvunjia kokwa. Muziki wake ulitungwa na Mrusi Tchaikovsky, ikachezwa mara ya kwanza katika mji wa Saint Petersburg, Desemba 1892. Wakosoaji wa wakati ule hawakuipenda sana. Leo katika miji mingi ya Marekani, mikubwa na midogo, Noeli haipiti bila hiyo, na vikundi vingi vya baleti hupata kwayo sehemu kubwa ya mapato ya mwaka mzima.

Imefikaje huko? Mwaka 1944 ilichezwa nzima San Francisco. Kisha mwaka 1954 George Balanchine akaitengeneza upya New York, akawapa watoto wa shule ya dansi nafasi kubwa jukwaani. Huyu Balanchine alizaliwa Saint Petersburg mwaka 1904, na alipokuwa mtoto aliicheza hukohuko kwao. Aliyoyacheza angali mdogo aliyachukua moyoni hadi nchi ya ugenini, akawapa watoto wa huko.

Miji mingine ikafanya vivyo hivyo, ikawaweka watoto wa mji katika ngoma ya sikukuu. Mtoto akiwa jukwaani, mama yupo kitini, baba yupo, bibi yupo, na shangazi amekuja kutoka mbali. Ngoma inayotazamwa na bibi haiwezi kuwa ya aibu. Ndivyo ilivyokuwa ngoma ya familia. Wazee wetu walisema kwa maneno mafupi: mcheza kwao hutunzwa.

Nani huamua mshindi

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naomba kila mama alishike, hata kama mengine atayasahau.

Katika mashindano ya jadi ya Bagalu na Bagika, vikundi viwili hupangwa katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na huanza kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru. Huanza hapa, wakivutiwa na kelele za kule hukimbilia kule, kisha hurudi. Mwisho wa mchezo mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana pakawa na dawa za samba, ndiyo maana wakaleta chatu na sanamu za mbao zinazochezeshwa, na ndiyo maana manju humeza mate akiona watu wanaanza kuondoka upande wake.

Mmeiona maana yake? Katika ngoma hii hakimu ni watazamaji. Kila mtu aliyesimama pale amepiga kura kwa miguu yake. Mama akija na watoto wanne, hizo ni kura tano. Wimbo wa matusi ukianza, mama akawashika mikono watoto wake akahamia upande wa pili, na mwenzake akamfuata, na kundi la akina mama wa kwaya likafuata, manju yule atajua amepoteza. Mwaka ujao atatunga vingine. Hakuna barua ya malalamiko itakayofanya kazi hiyo, wala hotuba.

Lakini mama akikaa nyumbani, kura yake imekaa nyumbani. Uwanjani watabaki walevi na vijana wasio na wa kuwaangalia, na manju atawatungia hao, kwa kuwa ndio waliopo. Kisha sisi tuliobaki nyumbani tutasema, "Tazama, tulijua ngoma ni matusi matupu." Tuliiacha ikawa hivyo.

Na watoto wetu je, wamekaa bila kucheza? Hapana. Watoto wa Buswelu wanacheza. Wanajifunza katika simu za kaka zao, na katika sherehe za usiku ambako muziki hupigwa hata alfajiri. Mtoto wa miaka minane anajua kukata kiuno kwa namna ambayo mama yake angefunika macho, wala hajui wigashe ni nini, na nyimbo za Kisukuma za bibi yake haelewi. Mtaa wetu umekua haraka, makao makuu ya Ilemela yako hapa, watu wametoka pande zote, na hilo ni jema. Lakini mtoto lazima acheze kitu. Asipopewa ngoma ya mchana yenye mama pembeni, ataipata ya usiku isiyo na mtu.

Unapoamua kwenda

Kwa atakayekwenda, haya ndiyo ninayomshauri:

1. Ulizia ratiba mapema. Siku ya sikukuu hubadilika kila mwaka, na mashindano huweza kuendelea siku kadhaa. Chagua siku moja, ujue inaanza saa ngapi.

2. Anzeni na ibada, kisha makumbusho. Mtoto akishaona ndani ya makumbusho ngoma za kale na kiti cha mtemi, atakachokiona uwanjani kitakuwa na maana kwake. Asiye Mkatoliki anaweza kuanza na makumbusho. Palepale patamfundisha mengi.

3. Wekeni nafasi kati yenu na nyoka. Watazameni Bayeye kwa mbali, watoto wadogo wakiwa mikononi. Mwambie mtoto waziwazi kwamba wale ni watu waliofundishwa kazi hiyo kwa miaka, na kwamba yeye akimwona nyoka shambani au chooni asimguse, aite mtu mzima. Mtu akiumwa na nyoka apelekwe hospitali mara moja, bila kuchanja wala kufyonza.

4. Usiikwepe habari ya dawa. Mtoto akiuliza kwa nini mchezaji amefunga kitu mkononi, mweleze kwamba wazee waliamini dawa ndiyo inayovuta watu, na sisi tunamtumaini Mungu. Sema kwa upole, bila kumdharau mchezaji. Mtoto anayejibiwa na mama yake hataenda kuuliza kwa mwingine.

5. Matusi yakianza, hameni, na mwambie mtoto kwa nini mnahama. Hilo ni somo ambalo hutapata nafasi ya kulifundisha sebuleni.

6. Bebeni maji, uji katika chupa ya chai, viazi vya kuchemsha na kofia. Jua la Juni halina huruma, na vumbi la uwanjani ni jingi. Andika namba yako ya simu katika karatasi, uitie mfukoni mwa kila mtoto, na mkubaliane mti mmoja wa kukutana kama mtu atapotea.

7. Ngoma ya kitoto haikeshi. Wahenga hawakukosea. Saa kumi jioni kusanya watoto wako, tafuteni gari, mfike nyumbani jua lingali juu. Vurugu nyingi zinazoogopwa huanza baada ya saa hiyo.

8. Mkirudi, mpeni bibi nafasi. Kama yupo nyumbani, au mtakapokwenda kumtembelea, watoto wamwonyeshe walichokiona. Yeye atawasahihisha, na atakapokuwa akiwasahihisha atainuka mwenyewe.

Kama baba hataki

Yule mama ambaye mumewe hataki kusikia, namwomba asiende kwa siri. Mtoto anayefundishwa ngoma na uongo kwa siku moja atakumbuka vyote viwili. Keti na baba watoto wakati ametulia. Mweleze kwamba sikukuu hii ilianzia kanisani, na kwamba vita vya dawa na matusi ni sehemu tu ya habari yake. Mwombe aende pamoja nanyi mara moja, aone kwa macho yake, na umpe ruhusa ya kusema "turudi" wakati wowote, nanyi mrudi bila kununa. Akikataa hilo nalo, mwombe mwende makumbusho siku ya kawaida isiyo na mashindano. Ni mwanzo.

Na akikataa kabisa, mwache. Mtakatifu Paulo katika Warumi 14 aliwaasa waliokula na wasiokula wasidharauliane. Sisi tunaokwenda Bulabo tusimwite asiyekwenda mshamba, na asiyekwenda asituite wapagani. Mwana wa nyumba ile atakula ugali katika nyumba hii kesho.

Mwanamke uwanjani

Neno la mwisho. Zamani uongozi wa vikundi vya ngoma ulikuwa zaidi mikononi mwa wanaume, na mama alikuwa wa kupiga vigelegele. Tarehe 8 Septemba 2021, palepale Kisesa, machifu walikusanyika katika tamasha la utamaduni, ngoma zikachezwa, na Rais Samia Suluhu Hassan akapewa nao jina la Hangaya, nyota inayong'ara. Kila mtu na alichukue jambo hilo kwa namna yake. Mimi lilinifikirisha hivi: kama mama anaweza kukaa katika kiti cha mbele cha ngoma za Usukuma, basi na wale wa viti vya nyuma, wenye watoto mgongoni na chupa ya uji mkobani, nao wana neno la kusema juu ya ngoma hiyo itakuwaje. Neno hilo husemwa kwa kuwapo, na kwa kuhama inapobidi.

Likizo njema kwenu na kwa watoto. Mnaokwenda Bujora, nendeni salama na mrudi mapema. Mnaobaki, tusaidieni kwa sala, nasi tutawaletea habari. Mungu abariki nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.